Kutoka Nasaha hadi Amri: Lugha ya Nyaraka za Agano Jipya kwa Kiswahili na Usomaji Wake Wilayani Rungwe

Ikisiri

Vitabu 21 kati ya 27 vya Agano Jipya vina sura ya barua zilizoandikwa kuziongoza jumuiya changa za Kikristo na viongozi wake. Makala haya yanachunguza jinsi barua hizo zinavyosomeka katika Kiswahili cha Tafsiri ya Muungano (1952), kwa kuzingatia wilaya ya Rungwe, ambako Kiswahili kiliingia kanisani juu ya msingi uliokwisha kuwekwa na Kinyakyusa. Kwa kuongozwa na Nadharia ya Staha ya Brown na Levinson (1987), makala yanadai kwamba maneno matatu ya msingi, yaani waraka, kuonya na ndugu, yamehama kutoka katika uwanja wa familia na urafiki na kuelekea uwanja wa ofisi. Kuhama huko kumeifanya sauti ya nasaha isikike kama sauti ya amri. Hata hivyo, sarufi ya Kiswahili, hasa hali tegemezi na tofauti ya nafsi ya pili umoja na wingi, bado inaihifadhi sauti ya awali. Makala yanapendekeza njia za kuirejesha sauti hiyo masikioni mwa wasomaji.

1.0 Utangulizi

Swali la barua za Paulo ni maandishi ya aina gani si geni. Deissmann (1908) alizilinganisha na barua za watu wa kawaida zilizofukuliwa Misri zikiwa zimeandikwa juu ya mafunjo. Kutokana na ulinganishi huo alitenganisha aina mbili za maandishi: barua halisi, inayomwendea mtu au kundi fulani kwa haja fulani, na maandishi ya kifasihi yanayojivika umbo la barua ilhali yanalenga umma wote. Kwake Paulo aliandika barua za aina ya kwanza. Wataalamu waliomfuata walimlaumu kwa kuweka mpaka mkali mno kati ya aina hizo mbili, kwa sababu barua ya Paulo ina mtu anayelengwa na papo hapo imekusudiwa kusomwa mbele ya kusanyiko. Pamoja na lawama hizo, swali lake bado lina uzito: msomaji anapoifungua barua, anadhani ameshika nini mkononi?

Katika uhakiki wa tafsiri za Biblia kwa Kiswahili, swali hili halijapewa nafasi ya kutosha. Mijadala mingi imehusu istilahi za kiteolojia, uteuzi wa lahaja, na wingi wa maneno yenye asili ya Kiarabu. Suala hili la mwisho ndilo lililomsukuma Karl Roehl kutoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Mojola (1999) ameeleza kwa kina historia ya tafsiri hizo katika Afrika Mashariki. Kinachobaki kuchunguzwa ni utanzu: Kiswahili kimeipokea barua ya Kigiriki ya karne ya kwanza kama utanzu gani, na utanzu huo unamwelekeza msomaji aisomeje?

Brown na Levinson (1987) wanaeleza kwamba kila tendo la kumwelekeza mtu mwingine linahatarisha uso wake, yaani heshima na uhuru wake. Kwa hiyo msemaji hutafuta mbinu za kupunguza makali: kuonyesha ujamaa, kuomba badala ya kuagiza, kujihesabu pamoja na msikilizaji, au kumtanguliza msikilizaji kwa heshima. Barua za mawaidha ni uwanja mzuri wa kuzipima mbinu hizo, kwa sababu mwandishi yuko mbali na hana njia nyingine ya kulainisha neno lake ila maneno yenyewe.

2.0 Rungwe: Jumuiya Changa na Mwandishi Aliye Mbali

Wamisionari wa Kimoravian walifika chini ya Mlima Rungwe mwaka 1891. Mwaka huohuo Misheni ya Berlin, ikiongozwa na Alexander Merensky, ilianza kazi katika nchi hiyohiyo ya Wanyakyusa. Nchi hiyo ilipakana na eneo lililokuwa na majeraha mabichi ya biashara ya utumwa. Upande wa pili wa Mto Songwe, huko Karonga, mfanyabiashara Mlozi alikuwa amewashambulia Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na asili, kuanzia mwaka 1887, na nguvu yake haikuvunjwa hadi mwaka 1895. Kwa hiyo wasikilizaji wa kwanza wa barua zinazotaja watumwa na mabwana hawakuhitaji tanbihi ya kuwaeleza mtumwa ni nani.

Wamoravian walikuja na desturi yao ya barua. Katika karne ya 18, jumuiya yao ya Herrnhut nchini Ujerumani ilitenga siku za kukusanyika na kusomewa kwa sauti barua na taarifa kutoka kwa wenzao waliotawanyika duniani. Barua ilikuwa kiungo cha jamaa walio mbalimbali. Lakini jumuiya hiyohiyo ilianzisha pia desturi ya andiko la kila siku, ambalo limekuwa likichapishwa kila mwaka tangu 1731. Katika desturi hiyo ya pili, aya fupi huchomolewa kutoka mahali pake na kusimama peke yake. Hizi ni njia mbili tofauti za kusoma, na makanisa yaliyotokana na Herrnhut yalirithi zote mbili.

Vita Kuu ya Kwanza iliziweka jumuiya za Rungwe katika hali inayokaribia ile ya Korintho au Thesalonike. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na makusanyiko yakabaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji, huku wamisionari wa Uskoti kutoka Livingstonia, ng'ambo ya mpaka, wakiyaangalia kwa muda hadi Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920 (Wright, 1971). Jumuiya iliyoachwa na waanzilishi wake, ikalazimika kuamua yenyewe mambo ya ndoa, mazishi na uongozi, ndiyo jumuiya ambayo barua za Agano Jipya zinaichukulia kuwepo.

Kiisimu, jumuiya hizo zililelewa kwa Kinyakyusa. Wamisionari walikifanya lugha ya ibada na ya shule, na mwanzoni mwa karne ya 20 walifasiri Agano Jipya kwa lugha hiyo. Kiswahili kilipata nguvu baadaye kupitia serikali, shule na soko la Tukuyu, mji ulioitwa Neu Langenburg wakati wa Wajerumani. Kwa hiyo mkristo wa Rungwe anayesoma Tafsiri ya Muungano huisoma akiwa na mizani mbili za staha: ile ya Kiswahili sanifu alichojifunza shuleni, na ile ya Kinyakyusa aliyoipata nyumbani.

3.0 Maneno Matatu Yaliyohama

3.1 Waraka

Tafsiri ya Muungano inaziita barua hizi nyaraka. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu na maana ya awali ya jani au karatasi, lilikuwa na joto lake katika Kiswahili cha pwani. Washairi walitumiana nyaraka kwa maana ya barua za kirafiki, za kujibizana na hata za mapenzi. Lakini katika Kiswahili cha Tanzania ya leo waraka umebanwa na matumizi ya mamlaka. Kuna waraka wa elimu, waraka wa utumishi, na waraka wa maaskofu, kama ule wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania kuhusu bandari uliosomwa makanisani Agosti 2023. Waraka hutoka juu kwenda chini, una vifungu, na haumngoji msomaji aujibu. Biblia Habari Njema, iliyotumia neno barua, ilikuwa karibu zaidi na matumizi ya sasa, ijapokuwa Tafsiri ya Muungano ndiyo iliyozoeleka zaidi mimbarini.

Jina hilo linatiwa nguvu na umbo la ufunguzi. Barua ya Kigiriki huanza na jina la mwandishi, kisha jina la mwandikiwa, kisha salamu. Barua ya Waswahili wa pwani, kama inavyoonekana katika mkusanyiko wa Büttner (1892), hufanya kinyume: humtanguliza mwandikiwa, humvika sifa na vyeo, humsalimu kwa urefu, na jina la mwandishi huja mwishoni. Barua ya kirafiki inayofundishwa katika shule za Tanzania nayo hufungwa kwa jina la mwandishi. Maandishi ambayo Mtanzania amezoea kuyaona yakifunguliwa kwa jina na cheo cha mtoaji ni tangazo, hati ya mamlaka na waraka wa ofisi. Hivyo, Paulo anapofuata adabu ya kawaida ya Wagiriki kwa kujitaja kwanza, msomaji wa Kiswahili anasikia mwenye cheo akijitangaza. Umbo lilelile limebeba staha mbili zinazopingana, na tafsiri haimpi msomaji dokezo lolote.

3.2 Kuonya

Kitenzi cha Kigiriki kinachobeba uzito wa mawaidha ya Paulo kina maana pana ya kumwita mtu kando, kumsihi, kumtia moyo na kumfariji. Tafsiri ya Muungano imekigawa katika vitenzi kadhaa. Mara nyingi imetumia kusihi, na uteuzi huo ni mzuri, ijapokuwa kitenzi hicho leo hakisikiki sana nje ya mimbari na maandishi ya adabu. Lakini katika orodha ya karama kwenye sura ya 12 ya Waraka kwa Warumi, kitenzi hicho kimefasiriwa kuwa kuonya.

Kimofolojia, kuonya ni kauli ya kusababisha ya kuona: kumfanya mtu aone. Katika maana hiyo ya asili, anayeonya ni kama mzee anayemnyooshea kijana kidole kumwonyesha njia iliyo mbele yake. Ni tendo la upole. Leo, hata hivyo, onyo limeingia katika msamiati wa nidhamu kazini na uwanjani: kuna barua ya onyo, onyo kali na onyo la mwisho. Msomaji wa sasa akikuta karama ya kuonya imepangwa pamoja na kukirimu na kurehemu, huenda akadhani kanisa lina ofisi ya kukemea. Karama ya mfariji imegeuka kazi ya msimamizi bila neno hata moja kubadilishwa katika maandishi. Kilichobadilika ni lugha iliyoyazunguka.

3.3 Ndugu

Mbinu kuu ya staha katika barua hizi ni kuwaita wasomaji ndugu. Kwa kauli ya Brown na Levinson, hii ni mbinu ya ujamaa: msemaji anaifunika tofauti ya hadhi kwa kudai undugu, kisha ndipo anatoa neno lake. Lakini ndugu nalo limepita safari ndefu. Katika miaka ya TANU na baadaye CCM lilikuwa anwani ya kisiasa ya watu wote, na hadi leo hutangulia vyeo katika hotuba na barua rasmi. Ndugu Mwenyekiti si lazima awe jamaa ya anayemwita.

Hapa mizani ya Kinyakyusa inasaidia kuonyesha kilichopungua. Kinyakyusa huwaita jamaa abakamu. Anayewaita wasikilizaji wake bakamu huwaingiza katika mtandao wa ukoo wenye madai mazito: kula pamoja, kuzikana na kusaidiana mahari. Wilson (1959) ameonyesha jinsi shughuli hizo za pamoja zilivyoshikilia maisha ya Wanyakyusa, na jinsi Wakristo wa kwanza walivyolazimika kuamua ni zipi wazibebe na zipi waziache. Kwa jumuiya kama hiyo, kuitwa ndugu kulikuwa kudaiwa.

4.0 Sarufi Inayohifadhi Nasaha

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba tafsiri imeiua sauti ya nasaha. Msamiati umehama, lakini sarufi imebaki, na mahali fulani Kiswahili kinaonyesha mambo ambayo lugha nyingine za tafsiri haziwezi kuyaonyesha. Barua fupi kuliko zote za Paulo, ile kwa Filemoni yenye aya 25, inatosha kuwa ushahidi.

Paulo, akiwa kifungoni, anamwandikia mwenye nyumba aitwaye Filemoni kuhusu mtumwa wake Onesimo. Hoja ya barua imejengwa juu ya vitenzi viwili. Mwandishi anasema angeweza kuagiza, lakini kwa ajili ya upendo anachagua kusihi. Tafsiri ya Muungano imeuhifadhi mkabala huo wazi kwa kutumia vitenzi hivyohivyo, na huo ndio ufunguo wa barua. Mwenye mamlaka anaitaja mamlaka yake ili aiweke kando mbele ya macho ya msomaji. Hii si staha ya mnyonge anayejipendekeza, kwa kuwa aliyesihiwa anajua kwamba angeweza kuagizwa. Anaachiwa nafasi ya kutenda jema kwa hiari yake.

Jambo la pili ni nafsi. Ufunguzi wa barua hii unawataja watu zaidi ya mmoja: Filemoni, Afia, Arkipo na kanisa linalokutana nyumbani. Salamu ni za wingi. Kisha mwili wa barua unageukia nafsi ya pili umoja, na wingi unarudi aya za mwisho. Lugha kama Kiingereza cha leo haiwezi kuonyesha mgeuko huo kwa kiwakilishi. Kiswahili kinauonyesha kwa viambishi tu: ku- na u- vinapochukua nafasi ya wa- na m-, sikio linajua kwamba mtu mmoja ameitwa kando huku kanisa zima likisikiliza. Kwa msikilizaji wa Rungwe mgeuko huo una uzito zaidi, kwa kuwa katika Kinyakyusa wingi ni alama ya heshima. Mkubwa husalimiwa mwagonile, rika husalimiwa ugonile. Kumsemesha mwenye nyumba kwa umoja mbele ya watu wake ni dai la ukaribu mkubwa, na ni jambo la hatari kiasi. Hivyo ndivyo barua yenyewe ilivyo.

Jambo la tatu ni zawadi ambayo Kigiriki hakikuwa nayo. Maneno mtume, mtumwa na mtumishi yote yanatokana na mzizi -tum-. Mtume ametumwa kupeleka neno, mtumwa anatumwa kwa lazima, mtumishi anatumika. Katika Kigiriki, neno la mtume na neno la mtumwa hayana mzizi mmoja. Katika Kiswahili, mwandishi anapojiita mtumwa na mtume mwanzoni mwa Waraka kwa Warumi, majina hayo mawili yanasikika kama watoto wa tumbo moja. Kwa mwandishi mwenye desturi hiyo, kumwombea Onesimo apokewe kama ndugu ni zaidi ya kumwombea mtu wa tabaka la chini, kwa sababu mwombaji mwenyewe amekwisha kujiweka katika tabaka hilo.

Hatimaye kuna hali tegemezi. Kiishio -e hubeba ombi, ushauri, nia na agizo, na msikilizaji hupima uzito kwa muktadha. Kinyakyusa nacho kina kiishio cha aina hiyo (Persohn, 2017), kwa hiyo mzungumzaji wake haoni ugeni. Pale Waraka kwa Waebrania unapotumia umbo la na tu- pamoja na kiishio hicho, mwandishi anajihesabu ndani ya wanaohimizwa. Inafaa kuzingatia kwamba barua hiyo haina jina la mwandishi mwanzoni, nayo ndiyo inayosikika zaidi kama mahubiri ya mtu aliyeketi pamoja na wasikilizaji wake.

5.0 Gharama ya Kusoma Nasaha kama Amri

Je, tofauti hii ina madhara yoyote nje ya darasa la isimu? Suala la ndoa linaonyesha kwamba inayo. Barua ya kwanza kwa Timotheo, katika kuorodhesha sifa za askofu, inataja kuwa na mke mmoja. Hiyo ni sentensi ndani ya barua kutoka kwa mwalimu kwenda kwa msaidizi wake, kuhusu uteuzi wa viongozi. Ikisomwa kama barua, inazua maswali: kwa nini sifa hiyo ilitajwa kwa viongozi, na inasema nini, au hainenei chochote, juu ya waumini wengine? Ikisomwa kama kifungu cha waraka, maswali hayo hayaulizwi.

Katika Rungwe ya miaka ya 1930 maswali hayo yalikuwa ya watu wenye majina na nyumba. Ndoa ya wake wengi ilikuwa mpaka mkubwa kati ya Wakristo wa misheni na majirani zao, na Kanisa la Kitaifa la Kiafrika, lililoingia kutoka Nyasaland, liliwapokea wanaume wenye wake wengi ambao misheni haikuwapokea. Mgogoro huo haukuletwa na tafsiri pekee. Uchumi wa mashamba, heshima ya wazee na siasa za ukoloni vilikuwemo. Lakini swali la utanzu lilikuwa ndani yake pia: maandiko ya mawaidha yasomwe kama sheria iliyokamilika, au kama mwongozo ambao jumuiya inapaswa kuupima kulingana na hali yake?

Inaweza kupingwa kwamba barua hizi zina mamlaka kweli, na kwamba kuzilainisha ni kuzipotosha. Hoja hii ina haki yake. Barua kwa Wagalatia ni kali, na sura ya tano ya barua ya kwanza kwa Wakorintho inatoa agizo lisilo na mzunguko. Lakini ukali huo unasikika tu kwa anayejua upole uliozoeleka. Wagalatia haina sehemu ya kushukuru ambayo Paulo kwa kawaida huiweka baada ya salamu, na msomaji anayezijua barua zake hushtushwa na ukimya huo. Msomaji anayesoma barua zote kama nyaraka za ofisi hawezi kushtuka, kwa sababu ofisi haikumshukuru hata siku moja. Kwa hiyo kuirejesha sauti ya nasaha hakuondoi amri zilizomo. Kunazifanya zitambulike zinapotokea.

Inaweza pia kusemwa kwamba Waswahili hawahitaji kufundishwa nasaha ni nini, na hilo ni kweli. Fasihi ya Kiswahili ina utanzu wa wosia uliokomaa. Mwana Kupona alipotunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, alitoa maelekezo mazito ndani ya mapenzi ya mama anayejua kwamba anaondoka. Barua za Shaaban Robert kwa mdogo wake Yusuf Ulenge, zilizochapishwa mwaka 2002, zinaendeleza mkondo huo kwa nathari. Tafsiri ya barua za Agano Jipya ingeweza kuegemea zaidi utanzu huo, ambamo neno la kuelekeza na neno la kupenda hukaa katika sentensi moja.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba barua za mawaidha katika Tafsiri ya Muungano zimepata sauti ya amri kwa sababu kuu mbili: ufunguzi wa barua ya Kigiriki unafanana na ufunguzi wa maandishi ya mamlaka katika Kiswahili, na maneno waraka, kuonya na ndugu yamehamia ofisini baada ya tafsiri kukamilika. Lawama hazipaswi kuwaangukia wafasiri wa 1952, ambao waliyachukua maneno hayo yakiwa bado na joto. Lugha iliendelea kutembea, maandishi yakabaki palepale.

Mapendekezo matatu yanatokana na uchunguzi huu. Kwanza, matoleo mapya yaweke kabla ya kila barua maelezo mafupi kuhusu desturi ya barua ya Kigiriki, hasa mahali pa jina la mwandishi. Pili, vitenzi vya mawaidha vipimwe upya kwa matumizi ya sasa, na kuonya kuachiwe mahali penye onyo kweli. Tatu, makanisa yarudie kusoma barua nzima kwa sauti katika kikao kimoja. Barua ya kwanza kwa Wathesalonike yenyewe inataka isomwe mbele ya ndugu wote, na ile kwa Wakolosai inataka ibadilishane na ya jumuiya jirani. Filemoni haichukui dakika tano. Katika wilaya ambako desturi ya Herrnhut ya kusomeana barua ilifika pamoja na misheni yenyewe, zoezi hilo si geni. Utafiti zaidi unahitajika kulinganisha, barua kwa barua, jinsi Kinyakyusa na Kiswahili vilivyofasiri vitenzi hivyo vya mawaidha, kwa kuwa waumini wa Rungwe wamekuwa wakifanya ulinganishi huo kimoyomoyo kila Jumapili.